Geeske Wiarda Hakumpungia Mtu Mkono

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na mwenye kahawa amimine. Leo tunamkumbuka Geeske Wiarda wa kijiji cha Harkezijl, hapahapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Alifariki juma lililopita akiwa na miaka tisini na minne. Geeske Wiarda. Wengi wenu mlimjua kama yule bibi mkavu asiyempungia mgeni mkono.

Tusifichane. Kwetu mgeni akiondoka, mwenyeji husimama dirishani akapunga mkono mpaka mgeni apotee konani. Humpungia hata mtu wa kodi. Geeske hakufanya hivyo. Mgeni akiinuka tu, yeye aliingia jikoni kuosha vikombe. Ana kiburi, watu walisema, na wengine walisema mabaya zaidi.

Sasa sikilizeni. Vuli ya mwaka 1943, katikati ya vita, Geeske na mumewe Sjoerd, fundi viatu, waliletewa mtoto. Wao hawakujaliwa kupata wa kwao. Huyu alikuwa msichana wa Kiyahudi wa miaka mitatu, jina lake Mirjam. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kamatwa Amsterdam. Geeske akambandika jina la Kifrisia, Minke. Mirjam ndiye Minke, na Minke ndiye Mirjam. Shikeni hilo.

Kuna mwandishi mmoja wa mjini aliyetunga riwaya ya kihistoria juu ya kisa hiki. Humo, Geeske anafunga mapazia mchana kutwa ili kumficha mtoto. Geeske aliposomewa ukurasa huo alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

"Mapazia yafungwe mchana, Harkezijl hii? Dirkje angekuwa mlangoni kabla maji hayajachemka."

Dirkje alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, na mkwewe alivaa sare za wale waliowatumikia Wajerumani. Nanyi mnajua desturi yetu. Pazia la sebuleni hukaa wazi, apitaye aone kwamba hatuna la kuficha. Mwenye la kuficha, basi, alilazimika kulifungua zaidi.

Kwa hiyo Geeske akamfundisha mtoto mchezo wa bata. Akiwa sebuleni, Minke alitembea amechuchumaa, chini ya dirisha, chini ya vyungu vya maua.

"Bata anapita wapi?"

"Chini, mama."

"Na akiitwa na mtu?"

"Chini vilevile."

Asubuhi moja Geeske alikuwa akimwagilia maua, mtoto amechuchumaa miguuni pake, ameshika pindo la sketi. Dirkje akatokea barabarani, akagonga kioo.

"Jirani, unaongea na nani humo?"

"Na maua. Yananijibu vizuri kuliko Sjoerd."

"Hata kiatu kingejibu vizuri kuliko Sjoerd," Dirkje akasema, naye hakuondoka. Akasimama anahesabu maua, hili limechanua, lile limekauka. Geeske akaendelea kumwaga maji, macho yake kwa Dirkje. Chungu kikajaa, maji yakafurika, yakateremka moja kwa moja kichwani kwa mtoto. Maji ya baridi, mwezi wa Novemba. Mtoto hakulia. Hakusogea. Hakuachia hata pindo la sketi.

"Hapo ndipo nilipoogopa," Geeske alimwambia mpwa wake Wobbe miaka mingi baadaye. "Si kumwogopa Dirkje. Niliogopa kwamba nimemfundisha vizuri kupita kiasi."

Vita vikaisha. Minke, akikaribia miaka mitano, akaruhusiwa kusimama wima. Lakini mazoea yana taabu, wasikilizaji wapendwa. Akifika dirishani, magoti yalikunjika yenyewe. "Simama, mwanangu, wameondoka," Geeske alimwambia kila siku. Mtoto akasimama. Kesho yake, bata tena.

Mwezi wa Agosti akaja bwana mmoja mwembamba, Salomon, ndugu wa baba yake Mirjam. Katika ukoo wote alibaki yeye. Akaketi sebuleni, kofia magotini.

"Bibi Wiarda, sijui nikushukuru vipi."

"Kunywa kahawa, itapoa."

Geeske alikuwa na neno moja kooni: mwache kwetu. Hakulitamka. "Alikuwa damu yao," alimwambia Wobbe. "Ningesema nini?" Akamfunga mtoto vifungo vya koti, akamtilia mfukoni kipande cha mkate wa sukari. Sjoerd alikuwa kibandani anagonga soli iliyokwisha gongwa.

Wakatoka. Geeske akaenda dirishani, kama tuendavyo sote, ili ampungie mtoto. Alitaka kuuona uso ule mara moja zaidi, basi. Nyumba yao iko kando ya kona, anayeondoka hupita mbele ya dirisha hatua chache tu. Akamwona Salomon akipita, mkono wake mmoja umening'inia, umeshika kitu kisichoonekana. Minke alipita chini. Alipita kibata, kama alivyofundishwa. Kisha kona ikawachukua.

Geeske hakulia. "Nilikufa ganzi," alisema, "kama mguu uliokaliwa. Nikaenda kuosha vikombe." Tangu siku hiyo hakusimama tena dirishani kumpungia mtu.

Mirjam akakua, na alipokaribia miaka thelathini akarudi kumtafuta. Akawa anakuja kila kiangazi, na kila alipoaga, Geeske aliingia jikoni. "Nilidhani nimemchosha," Mirjam aliniambia. Kisha riwaya ile ikatoka, naye akaja nayo akamsomea. Katika ukurasa wa mwisho mtoto anageuka na kupunga mkono, na mama analia nyuma ya kioo.

"Uongo," Geeske akasema. "Hakulia mtu. Wala hukunipungia. Ulipita kibata."

Mirjam hakukumbuka.

"Ndiyo maana huji dirishani, mama?"

"Vikombe haviwezi kujiosha."

Hawakulizungumza tena.

Ijumaa tulimzika. Jeneza lilikuwa wazi sebuleni, na mapazia, kama desturi ya msiba, yalikuwa yamefungwa. Tangu Sjoerd azikwe, nyumba ile haikuwahi kufungwa pazia mchana. Kabla hatujamchukua kwenda kuzungushwa kanisa mara tatu, kama ada yetu ya mazishi, Mirjam, sasa mama wa miaka sitini na sita, akamwambia Wobbe afungue.

"Dada Mirjam, maiti yumo ndani. Watu watasema nini?"

"Waseme."

Wobbe akafungua. Mirjam akatoka nje. Sisi tulisimama kando ya jeneza, kofia mikononi. Tukamwona anakuja, anafika dirishani, na goti moja likaanza kukunjika. Akasita. Akalinyoosha. Akasimama wima nyuma ya maua, uso mzima ukionekana, anatazama ndani. Hakulia, na chumbani hakulia mtu. Kisha akaenda mpaka konani.

Baadaye nilimuuliza alisikiaje moyoni. "Sikusikia kitu," akasema. "Labda kesho."

Kwa Wobbe na jamaa wote wa Wiarda, na kwako Mirjam, tunasema poleni sana. Mungu awape subira. Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia neno dogo la kutafakari. Leo mtu akitoka kwako, nenda dirishani. Vikombe vitangoja.