Ng'ombe Walichanjwa, Mimi Nikajadiliwa

Mwangaluka, ndugu zangu! Jina la Yesu liinuliwe! Leo sitawafurahisha, lakini nitasema kweli.

Mimi ni mke wa mkulima wa pamba hapa Nkoma. Miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kugombea pamba yetu, dawa za mifugo nazo zilianza kuuzwa kila gulio. Mume wangu akamwita mtaalamu wa mifugo, ng'ombe wote wakachanjwa asubuhi moja. Hakuna aliyeitisha kikao!

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Zahanati walisema nichomwe sindano ya kuzuia pepopunda. Hapo, ndugu zangu, ukoo mzima ukakaa kikao. Mama mkwe akasema, "Huyu mayu, mke wa mwanangu, haumwi. Sindano hiyo itamfunga kizazi, na mahari tumeshatoa." Nilikuwa palepale, nakata viazi vya kukausha michembe, na hakuna aliyenigeukia. Nikaja kanisani kutafuta msaada. Nyinyi, ndiyo, nyinyi! Mkaniambia anayemwamini Mungu hajikingi na ugonjwa ambao haujaja. Nikarudi nyumbani bila sindano.

Nilijifungulia nyumbani, mtoto wa kiume, analia kwa nguvu. Siku ya saba akashindwa kunyonya. Taya likakaza, mwili ukakakamaa. Mkasema ni degedege. Tukamzika, na uchungu ule haujaniisha mpaka leo.

Mimba ya pili nilikwenda zahanati na mume wangu. Muuguzi akatueleza kwamba sindano inamkinga mama na mtoto na pepopunda, ileile iliyomchukua wa kwanza, kwamba mkono utauma siku mbili, na kwamba haifungi kizazi. Kisha akaniuliza, "Mama, wewe unaonaje?" Mume wangu akafungua mdomo. Muuguzi akasema, "Baba, subiri kidogo. Nimemuuliza yeye." Ndugu zangu! Tangu niolewe sikuwahi kuulizwa swali kama lile. Nikamuuliza yote yaliyokuwa yananitisha, akajibu moja moja. Nikasema, "Nichome." Mungu alinifungua pale, kwenye benchi la zahanati. Siyo hapa!

Binti yangu ndiye yule, yuko darasa la pili. Asante, Bwana! Lakini nikimtazama namkumbuka kaka yake, hasira inanipanda. Naiombea iondoke, bado haijatoka.

Dada mjamzito uliye hapa, mwamini Mungu. Yeye haogopi maswali yako. Jumanne nitakusindikiza kliniki. Mimi nitakaa nje. Ndani utasema mwenyewe.