Miche ya Riamogesi

Kona ya Ogembo, pale njia ya sokoni inapokutana na ile ya kupanda kilimani, kuna benchi refu la mbao lisilo na mwenyewe. Mama Pam huweka jiko lake upande mmoja akauza kahawa ya tangawizi, nami hukaa upande wa pili nikishona viatu. Jina langu ni Dancun, lakini hapa naitwa Gundi. Mimi na Mama Pam ni watu wa ziwani, na ni kwa heshima yetu wengine huongea Kiswahili. Tukiondoka kidogo tu, wanarudi kwa Kikisii chao. Wa kudumu ni wawili. Onyiego, mzee aliyekuwa karani wa mahakama, anaitwa Katiba kwa sababu hana neno lisilo na kifungu. Haron wa bodaboda anaitwa Satelaiti, maana habari zote humfikia yeye kwanza, za kweli na za uongo. Na tangu mvua kubwa za Aprili kuna wa tatu, Obwocha, asiye na jina la utani. Tunamwita Baba Lavender, vile tulivyomwita zamani, kwa sababu hakuna aliyejua tumwite nini kingine.

Lavender alikuwa binti yake wa pekee, darasa la sita. Ilikuwa asubuhi ya Sabato. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na ikapumzika kidogo, kama inayovuta pumzi. Obwocha ni shemasi, kwa hivyo alitangulia kanisani kufungua milango. Mkewe, Kemuma, alitoka na ndoo kwenda kukamua. Lavender alibaki ndani akipaka viatu rangi. Ndipo mteremko wa Riamogesi ulipoachia. Udongo ulishuka na migomba, na majani chai ya jirani wa juu, na nyumba. Kemuma anasema aliiona nyumba yake ikisogea pole pole, kama mtu anavyosukuma meza, halafu haikuwepo.

Tulichimba kwa majembe, kanisa zima, Waadventista na Wakatoliki. Tingatinga likaja, likachimba, kisha likahamishwa kwenda kufungua barabara iliyozibwa kule chini, kabla Lavender hajapatikana. Katiba alitufariji kwa kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni, lile tingatinga, alikuwa ameshaondoka na mwenyeji hakupona.

Baadaye alikuja Mheshimiwa Nehemiah, mwakilishi wetu wa wadi, anayetaka tumrudishe kitini uchaguzi ujao. Alileta lori la miche na vijana wa tisheti za kijani. Kwa familia alileta godoro, blanketi, unga na mabati. Kwa kilima alileta sera yake ya mazingira: mteremko wote ulipandwa miche, ukazungushiwa waya, na kibao kikasimamishwa kikisema hapa ni eneo la hifadhi, kuchimba ni marufuku. Mtaalamu aliyekuja naye alieleza kwamba udongo ule unahitaji mizizi, na ukichokonolewa utashuka tena na kufunika wengine. Huenda alisema kweli. Miti ya zamani pale juu ilikuwa imekatwa yote ikauzwa kuni, na kila mtu aliona ikipita hapa kwenye kona. Lakini Obwocha alikuwa bado anachimba siku ile waya ulipofika. Walimwomba atoke ndani, nao wakafunga.

Hivyo ndivyo alivyokuja kukaa na sisi. Kutoka kwenye benchi, mteremko unaonekana wote.

Siku moja ya soko, Satelaiti alifika akiwa ameshika simu juu.

— Apdeti ya Mheshimiwa imetoka, akasema. Mambo ya familia na mazingira.

Aliifungua kwa sauti kubwa kabla hajaangalia nani amekaa. Sauti ya Mheshimiwa ikasema kwamba ahadi zimetimizwa, kwamba kilima kimevishwa nguo ya kijani, na familia iliyoathirika imesaidiwa na sasa imetulia. Picha ilikuwa ya Kemuma ameshika mche kwa mikono miwili. Jua lilikuwa limemfinya macho hata akaonekana kama anacheka.

— Rudisha, Obwocha akasema.

Satelaiti akarudisha.

— Hapo aliposema imetulia. Rudisha tena.

Alisikiliza mara ya tatu, kisha akashukuru na kurudi kwenye kikombe chake. Ungedhani ameulizia bei ya kitu dukani.

Wanaume wakiona aibu huongea, na wetu wakaanza kuongea. Katiba alisema tatizo ni kwamba watu hawasomi. Alieleza kwamba siku hizi hewa safi inauzwa ng'ambo, kwamba kila mche una namba yake Ulaya, na mzungu fulani anamlipa Mheshimiwa kwa kila jani linalopumua. Ndiyo maana ya waya. Kuhusu msaada, alisema serikali hugawia waliojitokeza tu, hiyo ndiyo sheria, asiyekuwepo na lake halipo. Methali ikamtoka kabla hajaisikia mwenyewe. Akainamisha uso ndani ya kahawa.

Satelaiti akajaribu kumwokoa, akaharibu zaidi. Alisema hewa ni kisingizio. Alikuwa amembeba mtu anayemjua mtu aliyeona magari usiku, na watu wenye vyombo vya kupima ardhi. Kuna madini pale, na wakubwa wameshagawana. Miche ni ya kuficha macho.

— Jiulize tu, kwa nini wanakataza watu kuchimba? akasema. Chini kuna kitu, wasee.

Mama Pam aliweka birika chini kwa kishindo. Satelaiti akaelewa alichosema na mdomo wake ukabaki wazi.

— Ni kweli, Obwocha akasema. Chini kuna kitu.

Mama Pam akamjazia kikombe. Alimwambia kwa upole kwamba kwetu ziwani, mtu akizama na mwili usionekane, wazee hutafuta tunda la yago, lile refu kama mkono, wakalifunga sanda na kulizika nyumbani, watu wakalia, mambo yakaisha. Ndugu yake mwenyewe alizikwa hivyo. Alisema si lazima awe mtu wa kwetu, Mungu anaelewa.

— Asante, mama, Obwocha akasema. Lakini nyinyi ziwa ndilo lililowanyima. Mimi nimenyimwa na waya.

Kisha akamgeukia Katiba na kumuuliza swali moja: je, kung'oa mche uliopandwa na kiongozi ni kosa? Katiba alikohoa, akataja sheria ya misitu, ya mazingira, na nyingine ya kaunti. Akamaliza kwa kumshauri asubiri. Mwenda pole hajikwai, uchaguzi ukipita watu watapoa, mtu anaweza kuzungumza na chifu.

— Uchaguzi ukipita itakuwa miti, Obwocha akasema.

Akamaliza kahawa yake, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, akaondoka.

Kesho yake hakuja, na ukungu ulituficha kilima asubuhi yote. Mchana Satelaiti alirudi kutoka kilimani bila abiria na akasimamisha pikipiki mbele yangu bila kuizima. Alisema Baba Lavender yuko ndani ya waya, na jembe. Alisema pia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba hang'oi miche. Anaichimbua kila mmoja na udongo wake, anaipanga pembeni kivulini, anaifunika na majani ya mgomba isikauke.

Nilifunga sanduku langu. Katiba, aliyesema ni kosa, alivua koti akamwachia Mama Pam. Tulipanda watatu.

Kemuma alikuwa ameketi juu ya jiwe nje ya waya. Aliponiona akanielekezea kwa kidole, kwa sauti ya kawaida, mlango ulikuwa hapo, jikoni hapo, chumba cha mtoto hapo kwenye fungu la udongo. Yeye na mumewe walikuwa wamepima pamoja kwa kutazama mti wa parachichi wa jirani uliobaki. Tukachimba hapo. Katiba alichimba vibaya lakini hakupumzika. Udongo ulikuwa mzito kama ugali wa jana, unashika jembe na kukataa kuliachia, na jasho lilituingia machoni.

Mchana ulipoanza kuinama, jembe la Obwocha liligonga bati. Aliingia ndani ya shimo akatuzuia kwa mkono. Akaendelea kwa vidole, akiondoa udongo kama mtu anayempangusa mgonjwa. Kemuma alisimama. Bati lilipofunguka tuliona ngozi, na kamba.

Alikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa jirani wa juu kabisa, aliyekuwa amefungwa kwenye zizi mbali, juu ya shamba la chai. Na bati lilikuwa la zizi lile.

Ilituchukua muda kuelewa, lakini Obwocha alielewa mara moja. Kama zizi la juu lilikuwa limelala hapa, basi nyumba haikuwa hapa. Kilima hakikuifunika nyumba mahali pake. Kiliibeba, kikaikoroga na vingine vyote, kikaenda nayo popote kilipotaka, pengine hadi mtoni. Mti wa parachichi ulikuwa umewadanganya. Alikaa chini ndani ya shimo, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Kemuma aliuliza kutoka kule nje kama ni yeye. Katiba alitikisa kichwa, naye akaketi tena juu ya jiwe.

Mvua ilianza. Ndipo chifu alipofika na polisi, kwa sababu mtu alikuwa amepiga simu. Walimchukua Obwocha peke yake. Katiba akatangulia mbele yao, matope hadi magotini, akaanza kusema kuhusu haki ya kila mtu kuwa na utu, akataja na kifungu. Safari hii kilikuwa kifungu cha kweli.

— Mzee, polisi akamwambia bila hasira, rudi kwa benchi yenu.

Walimweka ndani hadi wiki iliyofuata. Kosa lilikuwa kuharibu mazingira. Mwishowe chifu alimwita na kumwambia kwamba Mheshimiwa amemsamehe, mambo haya ya mahakama hayafai karibu na kura, ila sharti ni moja: afukie shimo na arudishe kila mche mahali pake, kwa mkono wake. Obwocha akakubali. Kemuma alikuwa amelala peke yake siku zote hizo kwenye godoro la msaada, na kila usiku ilinyesha.

Tulimwona kutoka hapa. Alipanda toka asubuhi, na Kemuma akimfuata na kopo la maji. Ni mkulima, hajui kupanda vibaya. Alikuwa akipiga magoti kwa kila mche, akiukandamiza udongo kwa viganja pande zote, kisha akibaki hapo kidogo kabla ya kuinuka. Mama Pam aliligeuza jiko lake ili akae akitazama sokoni.

Kulikuwa na kijana wa tisheti ya kijani pale akipiga picha. Taarifa mpya ilitoka, nasikia ilisema familia sasa yaongoza katika kuhifadhi kilima. Nasikia tu, kwa sababu Satelaiti hakutufungulia. Simu ililia, akatazama, akaitia mfukoni na kuwasha pikipiki.

Obwocha alirudi kwenye benchi. Hakulalamika. Tukimuuliza habari anasema nzuri. Katiba alijaribu kuleta siasa za juu, za Nairobi, ambazo hazina kilima ndani yake, nasi tukamfuata. Miezi ilipita hivyo, na miche ikashika.

Ndipo wiki iliyopita, saa ya kahawa ya asubuhi, alipokuja msichana mmoja akatusalimia kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, akianza na mzee. Alisema anaitwa Valentine, kwao ni Nyanchwa, amemaliza chuo juzi na hii ndiyo kazi yake ya kwanza. Alikuwa na kofia ya kijani iliyomzidi kichwa, na mkononi shada la maua, yale halisi, si ya plastiki. Alisema amelinunua kwa pesa yake kwa sababu ofisi ilimpa utepe tu. Mama Pam alimkaribisha kahawa. Alikataa kwa adabu, akasema ana haraka kidogo. Mheshimiwa anataka taarifa ya mwisho ionyeshe kwamba hajamsahau yule mtoto. Ataweka maua, atapiga picha moja, ataomba dua, aende.

Hakumjua yeyote kati yetu. Alitabasamu kwa haya na kuuliza:

— Samahani, kaburi lake liko wapi?

Katiba alimtazama, midomo ikasogea, lakini hakuna kifungu kilichokuja. Satelaiti alianza kukwangua matope kwenye kiatu chake. Mimi nilikuwa na sindano mkononi, sikujua niitoe au niiingize. Msichana alitutazama mmoja mmoja, akadhani hatujasikia, akauliza tena, pole pole zaidi.

Obwocha akasimama.

— Mimi ndiye babake, akasema.

Valentine alivua ile kofia. Alianza kusema pole, lakini Obwocha alikuwa ameshageukia kilima na kuinua mkono kumwonyesha. Miche ilikuwa imefika kiunoni, yote kimo kimoja. Kidole chake kilianza pale juu, karibu na majani chai yaliyobaki. Kikashuka kidogo, kikaenda kushoto, kikasita, kikarudi kulia, kikashuka taratibu hadi chini kabisa kwenye mto, kisha kikaanza tena juu. Yule msichana alikifuata kwa macho, shada limemlalia kifuani, akingoja kisimame.