Bi. Jovitha na Kituo Kilichofuata Mwezi

Wasikilizaji wapendwa, mlioko hapa Mwanza, Mabatini, Mkuyuni na huko visiwani, leo tukae kidogo na Bi. Jovitha Kokuberwa. Tumemzika juzi, akiwa na miaka sitini na saba. Kwa miaka tisa alisimamia Kituo cha Ubunifu wa Biashara pale Buzuruga. Kituo cha umma, kinachoendeshwa kwa fedha za serikali.

Alikuwa Mhaya wa Muleba, mwalimu mstaafu wa hesabu, na mdomo alikuwa nao, hilo tuseme. Siku ya kwanza nilipompigia simu kuomba mahojiano nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, njoo wakati wa mbalamwezi." Nikadhani ananitania.

Kumbe hakuwa na utani. Wateja wake wengi ni akina mama wanaokausha dagaa Igombe. Dagaa huvuliwa siku za giza, mwezi usipoonekana. Mbalamwezi ikifika wavuvi wanapumzika, na akina mama wanapata nafasi. Basi Bi. Jovitha akapanga mafunzo yote hivyo: mbalamwezi darasani, giza kazini. Humo darasani ndimo walimobuni vichanja vyao vya wavu, wakaacha kuanika dagaa mchangani.

Mwaka wa tatu wakaja wakaguzi kutoka makao makuu, bila taarifa. Zilikuwa siku za giza. Walikuta viti vitupu na mlinzi anasikiliza redio. Wakaandika kwamba kituo hakitumiki, fedha zisitishwe. Na fedha zikisitishwa, msikilizaji, kituo kinafungwa.

Binti yake, Winnie, anasimulia: "Mama hakubishana nao. Alivaa raba zake akawaambia, twendeni nikawaonyeshe watu mnaowatafuta."

Igombe walikuta vichanja vimejaa ufuo mzima. Kashindye, mmoja wa wakaushaji, anakumbuka vizuri: "Yule mkubwa wao alichukua dagaa akatafuna, naona anasubiri mchanga mdomoni. Mchanga hakuna. Akaniuliza, mbona hamwendi kituoni? Nikamwambia, baba, tukienda leo, hawa dagaa ataanika nani?"

Ripoti iliandikwa upya, fedha zikaendelea kutoka. Leo dagaa wa Igombe wanauzwa kwenye pakiti hadi nje ya mkoa. Mimi ni mtu wa Mwanza, na kwa hili natembea kifua mbele.

Tunatoa pole kwa mumewe, Mzee Longino, kwa Winnie na kwa familia nzima. Juzi tulipomzika ilikuwa giza, siku za kazi, siku za dagaa wengi. Akina mama wa Igombe walikuja wote. Siku hiyo hawakuanika.

Na ninyi mnaopanga fedha za umma, usiku huu tafakarini: mkikuta kituo kitupu, kabla hamjashika kalamu, ulizeni watu wamekwenda kufanya nini.