Wembe Nilioukimbia

Mniruhusu nikae. Mwenyekiti wa kikundi chetu alitaka nisimame ili walio nyuma wanione, lakini nikisimama sana kichwa kinazunguka, na mkianza kuniokota hapa chini ushuhuda utakuwa umeisha mapema. Wa nyuma, sikieni sauti tu. Na ninyi wa upande wangu wa kushoto, msidhani nawadharau. Siwaoni. Jicho la huku halioni hata taa.

Wengi wenu mlinijua hapa Kawangware nikiwa nimeshapasuliwa. Kabla ya hapo nilikaa Kibera, karibu na shule ya Olympic, nikiuza samaki wa kukaanga. Nilikuwa na wateja wangu. Halafu, kama mwaka mmoja baada ya ule uchaguzi wa vyama vingi, wakaanza kunirudishia samaki. "Mama, hii imeoza." Nanusa, sisikii kitu. Nanusa tena, wapi! Nikaona wananifanyia njama, nikawatukana. Mama mmoja nilimmwagia maji ya kuoshea samaki mbele ya watu, na kumbe alikuwa anasema ukweli. Mimi, ambaye nilikuwa mtu wa kucheka. Mume wangu ni fundi wa mbao, mtu mpole, na hata yeye akaanza kuchelewa kurudi kutoka kazini kwa makusudi. Simlaumu. Ningekuwa na mahali pa kwenda, hata mimi ningejikimbia.

Kichwa nacho kiliuma kila asubuhi, hasa nikiinama kuwasha jiko. Ndugu zangu, nawaambia, nilimeza dawa za maumivu mpaka mwenye duka akakataa kuniuzia. Niliombewa siku tatu bila kula. Watu waliomba kwa moyo, siwacheki, lakini pua ilibaki imekufa. Kisha jicho la kushoto likaingia ukungu. Nikanunua miwani kwa mchuuzi kando ya reli, nikaivaa, nikaona ukungu vizuri zaidi.

Ndipo nikaenda kliniki ya macho. Daktari alichungulia ndani ya jicho muda mrefu, akaweka tochi yake chini, akauliza, "Mama, kichwa kimekuuma tangu lini?" Alinituma nikapigwe picha ya kichwa. Picha ikaonyesha uvimbe mbele, hapa juu ya pua, mkubwa kama chungwa dogo. Akaniambia unaitwa meninjioma. Akanieleza polepole kwamba si saratani, na haukuota kwenye ubongo wenyewe bali kwenye ngozi inayoufunika, lakini unakua polepole na kukandamiza kila kitu. "Ukitolewa, watu wengi wanaishi," akasema. "Lakini jicho halitakungoja." Hayo ya mwisho niliyasikia kwa masikio tu.

Nikalazwa hospitali kubwa. Siku moja kabla ya upasuaji, nesi akaja na beseni na wembe.

Hapa wale wa kutoka Magharibi mwa Kenya mtanielewa haraka. Kwetu mwanamke aliyeolewa hanyolewi kichwa kikang'aa hivi hivi. Hiyo ni kazi ya baada ya mazishi. Na mume wangu alikuwa mzima, anapiga misumari yake. Mama mkwe naye, kule kijijini, alikuwa amepata habari kutoka kwa watu waliosafiri, akatuma ujumbe: "Mwanangu bado anapumua. Mbona mke wake anyolewe kama mjane?" Kila nikiuangalia ule wembe naona jeneza. Nikamwambia nesi naenda choo. Nikafunga leso mbili juu ya gauni la hospitali, nikapita langoni, nikatembea kwa miguu mpaka Kibera.

Mume wangu alinikuta nyumbani nikikaanga samaki. Hakuniuliza kitu. Alikaa kitandani akashika kichwa chake.

Miezi saba. Huo ndio urefu wa ujinga wangu. Jicho la kushoto likazima kabisa, na la kulia likaanza kulifuata. Siku moja nikaanguka kando ya jiko, mwili wote ukatetemeka, nikauma ulimi. Hapo mume wangu akamwandikia mama yake barua aje achukue watoto, maana aliona ananizika.

Mama mkwe akaja, na mdomo wake akaja nao. Siku ya kwanza alinigombeza tangu mlangoni. Siku ya pili alikuwa amekaa kushoto kwangu, akamimina chai, akaninyooshea kikombe. Mimi natazama mbele. Yeye mkono uko hewani. Alidhani nimemnunia, akangoja. Kisha nikaanza kupapasa meza nikitafuta hiyo chai, na yeye ameishika hapo hapo. Mama yule akaweka kikombe chini, akalia kwa sauti, kile kilio cha kwetu mnachokijua, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna maiti.

"Huyu mtoto haoni," akawaambia. "Haoni, na mimi nilikuwa nachunga nywele."

Kesho yake tulirudi hospitali, sisi watatu. Daktari wa upasuaji alikuwa na haki ya kunifokea lakini hakunifokea. Alisema tu kwamba uvimbe umeongezeka na jicho la kushoto tusilitumaini tena. Sasa tulikuwa tunapigania la kulia, na uhai. Nesi alipoleta wembe, mama mkwe akauomba. Akamwita mwanawe asimame mbele yangu nimtazame.

"Huyu hapa, anapumua," akasema. "Mimi ndiye mama yake na mimi ndiye ninayenyoa. Hapa hakuna msiba."

Akaninyoa. Akanikata mara mbili nyuma ya sikio, mpaka nesi akamwambia, "Mama, wacha nimalizie." Mume wangu alisimama wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, machozi yanashuka. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuogopa.

Nilipoamka sikujua ni siku gani. Daktari akaniwekea vidole mbele ya jicho. "Ngapi?" Nikamwambia vitatu. Vilikuwa vitatu.

Sasa najua mngependa niishie hapo mpige makofi. Siwezi. Ni miaka minne, ninaishi, ninashukuru, na nimechoka. Pua haikurudi. Chakula kikiungua mpaka niambiwe. Dawa za kifafa nameza kila siku na zinanilaza mchana kama mzee. Kipande kidogo cha uvimbe kiliachwa kwa sababu kilikuwa kimeshikana na mshipa, kwa hiyo napigwa picha tena na tena, na ile wiki ya kungoja majibu hata ugali haupiti. Lakini hasira ilitoka. Nilirudi kwa yule mama niliyemmwagia maji, nikamwomba msamaha, akanipa kiti.

Namshukuru yule daktari wa macho ambaye hakuishia kwenye jicho. Nawashukuru manesi. Namshukuru mume wangu kwa kutoniuliza siku ile, na ninyi mlionitekea maji nilipohamia hapa. Na mama mkwe, ambaye bado ananigombeza, namshukuru kuliko wote.

Nilichojifunza ni kifupi. Jicho hili halikuchukuliwa na uvimbe peke yake. Nililitoa mimi, kwa miezi saba, nikilinda nywele ambazo zimeshaota tena.

Na kuna mmoja wetu hapa ambaye kichwa kinamuuma na jicho moja lina kivuli. Aliniambia juzi, akaniapisha nisimtaje. Simtaji. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa hapo nje kwenye benchi. Ukipita nitainuka tu twende kliniki, huna haja ya kumweleza mtu. Usipopita, Jumanne nitakuwa hapo, na Jumatano. Mimi ni mtu aliyechoka, lakini nitakuja.