Nyuso Saba za Kufuta

Benchi letu la Katuba, mtaa wa Lubumbashi, ni mbao nzito ya njia ya treni iliyolazwa juu ya matofali, mbele ya nyumba ya Mama Kunda anayetuuzia kahawa asubuhi. Mwaka ule wa tisini na tatu, picha kubwa ilitundikwa ukutani mbele ya benchi. Mulenga mchoraji alikuwa ameamua kuchora avenue yetu nzima, watu na nyumba zao, picha ionyeshwe mjini na karakana yake ipate wateja. Thamani ya noti ilikuwa inakufa kabla ya jua kuzama, basi watu walikotiza, yaani walichanga, kwa vitu. Kambale alitoa magunia matupu ya unga, na fundi Anaclet akayashona yakawa kitambaa kimoja. Wengine walileta rangi, misumari, mafuta ya taa. Kila aliyetoa aliahidiwa uso wake ndani ya picha. Halafu mambo yakaharibika. Familia zenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, ya Anaclet ikiwemo, zilifukuzwa nyumbani kama wageni zikaenda kulala stesheni kungoja treni. Sasa mkubwa mmoja wa komite ya mtaa alikubali kulipia ukumbi mjini, fremu na tangazo la redio, kwa sharti moja: nyuso saba za waliofukuzwa zifutwe. Alikuwa ametuma kopo la rangi nyeupe, na aliyelileta alikuwa mwenzetu Dédé.

— Mulenga, unangoja nini? alisema Dédé. Kopo iko, burashi iko. Mukubwa anakupatia salle, anakupatia redio. Weye anakuomba nini? Nyuso saba tu!

Dédé tulimwita Notaire, kwa sababu aliwaandikia watu barua na karatasi zote za bureau, ofisi za serikali.

— Ile nyuso hapana yangu, Mulenga alijibu. Iko ya benyewe. Balikotiza.

— Benyewe beko wapi?

— Unaniuliza mi?

Nono, tuliyemwita Redio kwa kuwa kila habari ilipitia kwake na kutoka imenenepa, aliingia kati.

— Mi niko na dawa. Tubavalishe miwani nyeusi. Bote saba. Nani atabajua?

— Bantu saba na miwani nyeusi, avenue moja? Mama Kunda alisema huku akipuliza makaa. Batasema ni bapelelezi ba serikali.

— Basi tubageuze. Tubachore migongo. Mwenye kujua mugongo wa ndugu yake, atajua.

— Redio, nyamaza, Mulenga alisema.

— Ao tufanye bichuguu! Lubumbashi bichuguu iko kila fasi. Kichuguu saba, nani atakiuliza karatasi yake?

— Na kichuguu ya Anaclet itakuwa inashona robe ya bamama? Kambale alifoka. Yeye alitoka Butembo, Kivu ya Kaskazini, na lori lake lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. — Munacheka nini? Mi nilitoa magunia juu ya bantu bote. Munafuta muntu moja, munirudishie magunia yangu!

— Yaya Kambale, imejaa rangi! alisema Redio, akimwita kama kaka mkubwa.

— Nitaweka mule unga vile vile. Nitabauzishia ba komite. Bakule rangi!

— Na mushono je? Mama Kunda aliuliza. Ule mushono wote ni wa Anaclet. Mukimufuta, mufumue na uzi.

Redio hakukubali kushindwa. Aliinama, akashusha sauti kama mtu anayeuza siri.

— Munasikia? Hamujui juu ya nini mukubwa anataka bafutwe. Anaogopa. Uso wa muntu ukibakia ku tablo, mwenyewe atarudia. Hata iko Mbuji-Mayi, kule Kasai, miguu itamuleta. Kuko mupadri alishasoma bile bintu Ulaya.

— Kweli? alisema Mama Kunda. Mulenga, unichoree bwana yangu. Alienda Kolwezi kununua viatu, sasa mwaka wa ine.

Tulicheka, hata Kambale. Kicheko hakikudumu, kwa sababu Dédé hakucheka. Alikuwa akitazama mahali pamoja tu pa picha, pale Anaclet alipokaa nyuma ya cherehani yake na futi ya kupimia shingoni.

— Mukishafuta, pale patabakia wazi, alisema. Mi ningependa uso wangu uwekwe pale.

— Ulikotiza nini? Kambale aliuliza.

— Kazi yangu. Niliandika lisiti, majina yote ya bantu benye kutoa.

— Na ile lisiti ingine?

Mama Kunda aliacha makaa.

— Lisiti gani?

— Notaire anaijua. Nani anatoka wapi, iko nyumba gani, babake alikuya na treni ya mwaka gani. Ilikuwa na maandishi mazuri sana. Niliiona ku meza ya komite. Maandishi kama yale, Katuba, ni ya muntu moja.

— Balinituma! Dédé alisimama. Balinituma, Kambale! Kama hapana mi, mwingine angeandika. Na mwingine angeandika majina mingi zaidi!

— Kesho batakutuma tena. Batauliza: uyu mwenye lori anatoka wapi? Utaandika?

Dédé aliketi tena. Katika habari ya Dédé nasema ninachokijua. Usiku familia ya Anaclet ilipoondoka, alikwenda kulala katika nyumba yao. Alisema anailinda na wezi, na wiki ile ya kwanza nilimwona mimi mwenyewe amekaa mlangoni na panga hadi asubuhi. Wiki ya pili godoro lake likaingia. Halafu mke wake. Halafu mapazia. Sijui ni siku gani kulinda kuligeuka kukaa, na nadhani hata yeye hajui.

— Munamaliza? Mulenga alisema. Aligeukia benchi. — Miezi sita ninachora. Munakaa hapa, munakunywa kawa, munanigombanishia tablo yangu. Bila ile salle nafunga karakana. Nitachora nini, majina ya bafu ku makaburi? Nani kati yenu atanilisha?

Alichukua bisibisi, akafungua kopo, akachovya burashi. Alikwenda moja kwa moja kwenye uso wa Anaclet. Nadhani alitaka kuanza na kilicho kigumu zaidi.

— Bantu ba hapa, jambo yenu.

Aliyesalimu alikuwa mwanamke mwenye mfuko mabegani na vumbi jekundu hadi magotini. Alisema anaitwa Précieuse, ametoka Kasomeno usiku juu ya lori la samaki. Mama Kunda alimpisha kwenye benchi. Hakuketi. Alikuwa ameona picha.

— Eh! Njo uyu! Njo fundi mwenyewe na cherehani yake! Mungu amenisaidia, nilifikiri nitauliza mutaa muzima.

Burashi ya Mulenga ilisimama hewani.

— Unamujua? Redio aliuliza.

— Shi alipitaka kwetu kutafuta kazi. Tulimupatia kitambaa ya chorale ya kanisa, robe kumi na mbili ya Pasaka. Bamama balikotiza miaka miwili juu ya kile kitambaa. Alisema nimufuate Katuba. Kwake ni wapi?

— Nyumba ya mulango ya buluu, alisema Mama Kunda polepole. Lakini mama, fundi hako. Balimufukuza. Iko ku stesheni na bana, ao treni ilishamubeba.

Précieuse alifunga mdomo kwa kiganja. Aliutazama mlango wa buluu.

— Masikini. Na bana… Na kitambaa?

— Hakubeba kitu. Hata cherehani.

— Basi iko ndani?

— Labda.

— Nani iko na ufunguo?

Lilikuwa swali la mtu aliyetoka safarini, wala halikuwa na ubaya wowote. Kambale alitazama lori lake. Mama Kunda alitazama makaa. Redio alitafuta kitu chini ya kiatu chake.

Précieuse alitutazama mmoja mmoja, akarudia swali lake kwa adabu, akidhani hatukusikia.

Mulenga aliifuta burashi kwenye suruali yake. Alifunga kopo, akaligonga kifuniko kwa ngumi mara mbili, akamletea Dédé pale alipokaa.

— Rudisha. Umwambie mukubwa salle yake abakie nayo.

Alimnyoshea kopo, akangoja. Dédé hakulipokea. Mkono wake wa kuume ulikuwa mfukoni, umeshika ufunguo wa mlango wa buluu, na aliogopa kuutoa.