Springi Mpya za Kinyozi

Benchi letu limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, upande ambao kivuli hufika mapema. Wenyeji wake ni Breki, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna hata moja. Mzee Risiti, mtunza stoo mstaafu asiyekubali jambo bila ushahidi. Muuza kahawa na birika lake. Na mimi, fundi viatu, ninayeshona huku masikio yakiwa wazi. Siku hizo hatukuwa na habari nyingine ila gari la kinyozi. Ni gari la zamani la familia, lenye springi za nyuma za vyuma bapa vilivyolaliana kimoja juu ya kingine. Kinyozi alikuwa amelipandisha juu ya stendi za chuma mbele yetu, kajilaza chini yake, na kilichoonekana ni miguu tu. Sababu tuliijua sote. Mkewe alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari amemruhusu kusafiri mradi akae kiti cha nyuma, mguu umenyooka. Binti yao kajifungua mji wa mbali, mjukuu wa kwanza, na bibi hajamtia machoni. Lakini safari ya mwisho, ile ya kwenda kliniki, mama wa watu aliteseka mpaka akaapa hapandi tena gari lile. Kinyozi anaamini akitengeneza springi, kiapo kitavunjika.

Breki: Jamani, mnaona ninachokiona? Huyu mtu anapunguza mabapa!

Mzee Risiti: Ushahidi?

Breki: Si yale pale kando ya ndoo? Mabapa mawili ya lori, yale aliyoongeza mwaka jana mkia ulipokaa chini. Kayatoa! Kinyozi, umelogwa?

Sauti ya kinyozi ilitoka chini ya gari.

Kinyozi: Sijalogwa. Nimechoka kubeba mke wangu kama saruji.

Hapo lazima niseme kidogo. Mtaani kwetu, gari likilala nyuma, dawa ni moja tu: ongeza bapa. Hakuna anayeuliza. Mkia unapanda, gari linasimama vizuri, watu wanasifia. Raha ya aliyeketi nyuma haimo kwenye hesabu. Kinyozi naye alifuata mkumbo, na kila shimo la barabarani likawa linamfikia mkewe mfupani.

Breki: Sasa ukipunguza, si gari litaburuza tumbo?

Kinyozi: Sijapunguza tu. Nimeweka seti mpya. Mabapa machache, marefu zaidi, membamba. Na kila ncha nimeiwekea kipande cha plastiki ngumu, yateleze badala ya kukwaruzana. Shokamzoba pia mpya, zile za kutuliza mtikisiko.

Muuza kahawa: Zile za zamani zilikuwa na nini?

Kinyozi: Mafuta yote yalikuwa yamevuja. Ukizibonyeza kwa mkono zinakubali tu, hazikatai chochote.

Mimi: Kama Breki akiambiwa kuna kahawa ya bure.

Breki: Wewe shona viatu. Mimi ningekuwa kinyozi, nisingehangaika na chuma kabisa. Chukua springi za godoro, zile za kuviringa, zipange chini ya kiti. Umemaliza.

Mzee Risiti: Godoro lenyewe linapiga kelele hata mtu akigeuka tu.

Breki: Basi jaza magurudumu maji nusu na upepo nusu. Maji hayana mgongano.

Muuza kahawa: Afadhali kiti kining'inizwe kwa kamba kutoka juu ya paa, kama susu. Gari liruke linavyotaka, shemeji anabembea.

Mimi nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mzee Risiti hakucheka. Alikuwa anafikiri, na Mzee Risiti akifikiri huwa ni hatari kuliko Breki akisema.

Mzee Risiti: Nina swali la kitaalamu. Mbele ya gari ina springi nzuri, sivyo?

Kinyozi: Nzuri kabisa.

Mzee Risiti: Na mgonjwa anakaa nyuma.

Kinyozi: Ndiyo.

Mzee Risiti: Basi aketi mbele, halafu gari liende kinyumenyume. Mbele itakuwa nyuma, kama daktari alivyoagiza.

Spana ikasimama chini ya gari. Breki alimwangalia mzee kwa heshima ambayo sijawahi kuiona usoni mwake, kisha akasema taratibu, “Ila shingo ya dereva itahitaji bushi ya mpira.” Benchi zima likaangua kicheko, na kinyozi naye akacheka huko chini hadi akagonga paji la uso kwenye bomba la moshi.

Alipotoka, mikono myeusi mpaka viwikoni, alishusha gari likakanyaga ardhi. Tukadhani kamaliza. Lakini alisimama akalitazama, akatutazama sisi, kama mtu anayechagua nazi.

Kinyozi: Nahitaji watu ndani.

Breki alishanyanyuka.

Kinyozi: Wewe keti. Nataka uzito wa mke wangu na mizigo ya mjukuu. Nikikupakia wewe, nitakuwa natengeneza gari la ng'ombe.

Breki: Hayo ni matusi.

Kinyozi: Ni vipimo. Mzee Risiti, panda nyuma. Fundi viatu, wewe ingia kwenye buti, uwe masanduku.

Nikawa masanduku. Mzee Risiti alijinyoosha kiti cha nyuma, mguu mmoja juu kama mgonjwa, kikombe chake cha kahawa mkononi. Kinyozi akaingia tena uvunguni na spana, kukaza bolti za springi.

Mzee Risiti: Kwa nini hukukaza hizo bolti gari likiwa juu, tukastarehe?

Kinyozi: Kila ncha ya springi ina bushi, mpira unaozungukia bolti. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unashikwa vibaya. Ukilishusha unajisokota, unakaa umejisokota siku zote, mwisho unachanika na safari inakuwa ngumu tena. Kwanza gari likanyage chini, uzito uwe ndani, ndipo unakaza.

Muuza kahawa: Kwa hiyo uliziacha zimelegea, ukashusha gari, ndipo unazikaza?

Kinyozi: Ndivyo. Mpira uwe umetulia wakati mke wangu ameketi, si wakati hayupo.

Mimi nilikuwa nimekunjama kwenye buti, goti karibu na kidevu, na nakiri wazi kwamba nilimpenda yule bwana. Nimeona wanaume wakinunulia wake zao vitu vikubwa vya kuonekana na majirani. Huyu kalala mavumbini anakaza mpira usioonekana na mtu, kwa kipimo cha mwili wa mkewe. Nikanyamaza kuwa masanduku mazuri.

Kisha akatuzungusha mtaa. Kwenye tuta karibu na kinu cha kusaga, pale magari yote hupiga chini na abiria hutoa sauti, nilijikaza nikisubiri. Nyuma ikapanda, ikashuka mara moja, ikatulia. Basi. Nikasikia tu Mzee Risiti anavuta pumzi.

Tuliporudi alishuka akainua kikombe mbele ya Breki.

Mzee Risiti: Niliingia nacho nusu. Kiko nusu.

Breki: Ulikunywa.

Mzee Risiti: Sikunywa! Kwa mara ya kwanza nawaletea ushahidi mimi, na bado mnabisha.

Breki alizunguka nyuma ya gari, akaweka mkono juu ya buti, akabonyeza kwa uzito wake wote. Nyuma ikazama polepole, ikarudi polepole, haikutikisika tena. Akabonyeza mara nyingine. Akatingisha kichwa.

Breki: Kinyozi, nimekutania sana. Lakini hii ni kazi. Mkono wangu ndio unakubali, si mdomo.

Masikio ya kinyozi yaligeuka mekundu kidogo kwa furaha, akajifanya anafuta spana ambayo ilikuwa imeshafutwa.

Ndipo mlango wa nyumba yao, pembeni mwa saluni, ukafunguliwa. Shemeji mwenyewe, mke wa kinyozi, akatoka, gongo la kutembelea kwapani, hatua fupifupi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona nje tangu kliniki. Tukasimama sote kumpisha, kinyozi akamkimbilia.

Kinyozi: Jaribu tu kukaa, mama watoto. Hatuendi popote.

Shemeji: Nimewasikia mchana kutwa. Mtu mmoja anataka nisafiri kinyumenyume.

Mzee Risiti akachunguza anga.

Alikaa kiti cha nyuma, akasogea, akanyoosha mguu. Kinyozi akabonyeza buti juu chini, gari likambembeleza. Uso wake ulilegea kabisa. Akapapasa kiti kwa kiganja.

Shemeji: Ni laini. Sikutegemea. Mikono yako ibarikiwe, baba watoto.

Kinyozi: Kwa hiyo tutakwenda kumwona mtoto?

Shemeji alitazama kiti cha dereva, kisha akamtazama mumewe.

Shemeji: Siku ile ya kliniki, maumivu yalikuwa makali, ndiyo. Lakini wewe ulikuwa mbele, unatazama barabara, na mimi safari nzima nilikuwa natazama kisogo chako. Wewe umezoea visogo vya watu. Mimi sijazoea. Nililia, na hukujua.

Kinyozi akaweka chini kitambaa alichofutia spana.

Shemeji: Gari nalipanda. Ila nataka wewe ukae hapa nyuma nami, mguu wangu uwe mapajani pako, nikuone. Sasa niambie, nani ataendesha?

Kinyozi aligeuka akalitazama benchi. Swali halikuwa gumu. Breki, bingwa wa magari tangu nimjue, alifungua mdomo, akaufunga. Mzee Risiti, aliyepokea matairi stoo maisha yake yote, alianza kutafuta kitu mfukoni. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe na halikutoka tone. Mimi baiskeli naiweza, tena ya breki za mbele tu.

Katika benchi zima hakuna aliyewahi kuendesha gari. Kinyozi akavua ovaroli yake chafu, akaikunja akaiweka chini. Akafungua mlango wa pili, akaingia nyuma, akaunyanyua ule mguu taratibu kwa mikono miwili, akauweka mapajani. Gari likazama kidogo, likatulia.

Wakakaa hivyo wawili, mbele hakuna mtu, na mkewe akamtazama usoni.