Ukuta Nyuma ya Rejeta

Jumamosi asubuhi, benchi lililo nje ya chumba cha mashine za kufulia, kule Irving, Texas, halina nafasi ya mtu mwenye haraka. Nguo zinazunguka ndani, chupa ya kahawa ya tangawizi inazunguka nje, ndege zinapita chini chini kwenda kutua, na ubishi hauna pa kutua. Mwenyekiti ni Shamsudin, Mzanzibari dereva wa teksi, aitwaye Meya kwa kuwa kila barabara ni yake. Kando yake hukaa Godefroid wa Bukavu, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza feni moja. Siku hiyo ya Juni shida ililetwa na Abdulbasit, kijana wa Mombasa, mwenye rangi ya kijani kwenye nyusi na usingizi machoni.

Alhamisi iliyofuata mkewe, Hamdiya, alikuwa anafika. Ndoa ilifungwa Mombasa Abdulbasit akiwa huku, kwa simu, baba yake akamsimamia kama wakili. Bibi harusi mwenyewe, kijana alikuwa amemwona mara moja tu, kwa mbali, kwenye harusi ya binamu. Basi alipanga kijumba cha zamani mtaa wa nyuma, akapaka chumba cha kulala rangi mpya, akakwama kwenye rejeta. Aliyeijenga nyumba ile alitoka kaskazini, akabandika machuma ya kupashia joto ukutani kana kwamba theluji ingemfuata hadi Texas. Nyuma ya chuma ukuta ulibaki kahawia, na brashi haikupita. Kila akifumba macho Abdulbasit alimwona Hamdiya akiingia, akivua viatu, akizunguka chumba taratibu, kisha akiinama kuchungulia pale pale.

— Rejeta ni rejeta, yakhe, alisema Meya. Kama ya gari. Ifungue kifuniko, i-drain maji, legeza mipira, inua.

— Haina kifuniko, Meya. Wala mipira. Mabomba matupu.

— Basi walikuuzia uongo, hiyo si rejeta.

— Ni rejeta, Injinia aliingilia. Lakini, écoute, sikiliza, maji ya mule haina mwisho. Bomba inashuka chini ya nyumba, inakutana na ya jirani, ya jirani inakutana na ya kanisa. Ukifungua yako, maji ya Irving yote itakuja kukutafuta.

— Jirani anatumia gesi.

— Ulishaingia chini ukaona?

Abdulbasit hakuwa ameingia. Alipuliza kahawa yake, akaota macho wazi maji yakipanda polepole hadi kwenye godoro, na Hamdiya amekaa juu yake anachana nywele, hana wasiwasi. Ilimpendeza, akatamani wasimwamshe.

— Abiria wangu mmoja, mzee wa mji wa Richardson, aliniambia siri, Meya aliendelea. Nyumba za namna hiyo huanza kwa rejeta. Kuta huja baadaye. Ukiitoa, nyumba haina pa kuegemea.

— Yaani ndiyo ina-hold nyumba?

— Nyumba, na mkopo wa mwenye nyumba.

Injinia alifikiri, akaweka kikombe chini.

— Bon. Kama chuma haitoki, ukuta njo itoke. Tunausukuma nyuma kidogo, unapitisha brashi, tunaurudisha mbele ya saa sita kufika.

Hakuna aliyecheka. Meya aliuliza watahitaji watu wangapi.

Wakati huo Mado alitoka ndani na kapu la nguo. Alikuwa mgeni pale, mama wa Goma anayelea wazee, hana hata mwezi. Walimmiminia kahawa, akasikiliza amesimama.

— Ile kijani, bibi yako njo alichagua? aliuliza.

— Mama yangu alisema kijani ina heri.

— Na bibi yeye mwenyewe anapenda rangi gani?

Injinia alimtazama Meya. Meya alitazama nguo za watu zikizunguka. Abdulbasit alijua namba ya ndege ya mkewe, alijua anasomea uuguzi na anaogopa paka, alijua majina ya wajomba zake wote. Alitafuta rangi, asiione.

— Sijui, mama, alisema. Sijamuuliza.

Aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Kisha, chini ya ile haya, akasikia raha ambayo hakuitegemea. Simu zao za Jumamosi zilikuwa salamu tupu: mama hajambo, baba hajambo, halafu kimya, kila mmoja akimngoja mwenzake hadi dakika za kadi ya simu ziishe. Mombasa sasa ilikuwa inakaribia saa ya magharibi, Hamdiya yuko nyumbani. Aliinuka, akapapasa kadi mfukoni.

— Na rejeta? Meya aliuliza.

— Ikae kwanza.

Alivuka maegesho kuelekea kibanda cha simu, maana leo ndiyo mara ya kwanza alikuwa anampigia mkewe akiwa na kitu anachotaka kukijua.